Samaki Waliopanda Ndege

"Kanyaga karai, au rudi ulikotoka. Chagua," alisema Mkurugenzi, na neno karibu halikumtoka.

Inspekta alilitazama karai. Lilikuwa limejaa dawa ya zambarau, limewekwa kizingitini pa nyumba ya matangi, limebana mlango wote hata mwenye miguu ya korongo asingeweza kulivuka. Akakanyaga na viatu vyake vya ngozi, mguu wa kulia, wa kushoto, akaingia ndani akilia chwa, chwa, chwa. Wahalifu walikuwa wamembatiza jina la Kupe, na wenzake kazini wakalidaka, kwa sababu mama huyu akishajibandika mahali habanduki mpaka ashibe. Kupe haogopi karai.

Kesi yenyewe watu walishaiona imekwisha. Mlinzi wa kituo hiki cha kuzalisha vifaranga vya samaki alikutwa amekufa, kichwa kimepasuliwa, mwili unaelea kwenye tangi la nje. Kando ya tangi palikuwa na wavu wa mkono. Wavu huo ni wa Mfugaji, jirani mwenye mabwawa ng'ambo ya mto. Mwenyewe alikiri kuwa ni wake, kisha akafunga mdomo kama aliyeshonwa. Maabara ikapima mapezi ya samaki wa Mfugaji na ya samaki wa kituo, ikajibu kwamba wanafanana. Basi hapo hadithi ikajisimulia: Mfugaji alikuwa akiiba samaki wa kituo, mlinzi akamfuma, akamuua. Sasa yuko mahabusu, na kesho anasomewa shtaka la mauaji. Yaliyobaki ni maelezo ya Mkurugenzi, ya kunenepesha jalada tu.

"Nilishamweleza bosi wako yote," Mkurugenzi alisema. Alikuwa mtu wa shati jeupe, pale penye maji na matope, na shati halikuwa na hata doa. "Yeye mbona alielewa?"

"Bosi ni mwepesi wa kuelewa. Mimi kichwa changu kigumu. Nisaidie."

Mkurugenzi alishusha pumzi, akaelekeza kidole kwenye tangi la kwanza. Perege wakubwa, wekundu kwa weusi, walikuwa wakizunguka taratibu chini ya taa.

"Hawa walipanda ndege, unaelewa? Walitoka ng'ambo, kwenye mifuko ya oksijeni, nikawapokea mwenyewe uwanjani. Waziri alikata utepe hapo hapo ulipoweka hayo matope yako. Kituo hiki kilijengwa kwa ajili ya samaki hawa."

"Na perege wetu wa ziwani wana kasoro gani?"

"Wenu?" Mkurugenzi alicheka kwa pua. "Kwanza si wenu. Nao waliletwa, zama za babu zenu, kwenye mapipa ya mafuta, wakamwagwa ziwani. Waliofika hai unaweza kuwabeba kwa sufuria. Wakaoana kaka na dada mpaka leo. Wamedumaa wale!"

"Hawawezi kuingia humu? Labda mto ukifurika, labda ndege mla samaki kamdondosha mmoja?"

"Sikiliza, mama."

"Inspekta."

"Sikiliza, Inspekta. Maji yangu yanatoka kisima kirefu. Juu kuna wavu, hata nzi akitaka kupita lazima abishe hodi. Kila aingiaye anakanyaga dawa, ukiwemo wewe. Tangu washuke kwenye ndege, samaki wangu hawajawahi kuonana na samaki wa ziwa lile, wala na tone la maji yake. Andika hivyo."

"Hawajawahi kuonana."

"Wala hawataonana."

"Wala hawataonana," Inspekta alirudia, akaandika. "Saini hapa."

Mkurugenzi akasaini kwa madaha, mkia wa saini yake ukafika ukingoni mwa karatasi. Dereva wa kituo, jibaba lenye mabega mapana, alikuwa mlangoni akiongeza dawa karaini na kuikoroga kwa kijiti. Bosi wake alipokuwa akisema habari za ndege, kijiti kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Na yale mabwawa ya muuaji yakaushwe," Mkurugenzi aliongeza. "Samaki wangu waliomo wachomwe moto. Sitaki mbegu yangu isambazwe vichochoroni na wezi."

"Tukishawachoma, mahakama itatazama nini?"

"Majibu ya maabara unayo. Bosi wako amekubali, na mashine ya kuvuta maji imeshatoka. Dereva, msindikize mgeni."

Nje kila kitu kilikuwa saruji na kokoto. Hata jani la kusingizia hapakuwa nalo, isipokuwa nyuma ya chumba cha jenereta, ambako mpapai mmoja ulikuwa umesimama peke yake, umenenepa, umezaa mapapai mpaka shina limeinama.

"Hongereni kwa mpapai," Inspekta alisema. "Mmeupa nini?"

"Umejiotea," Dereva alijibu upesi, akafungua geti kabla hajaombwa.

*

"Shikamoo, mama."

Mama yake Mfugaji hakuitika. Alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, kanga kaifunga kiunoni, anafyeka nyasi kwa panga, na aliendelea kufyeka kana kwamba aliyesalimia ni chura. Kunyimwa marahaba si jambo dogo. Ni kutemewa mate kwa adabu.

"Mmesahau nini?" alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Mwanangu mmechukua. Wavu mmechukua. Samaki wangu mmewakata mapezi. Au mmerudia ngozi?"

"Nimerudia maneno, mama."

"Maneno nilikuleteeni hapo kituoni kwenu, kwa miguu yangu hii, mkayatupa."

"Maneno gani?"

Mama alilichomeka panga ardhini. "Kwamba nimeibiwa! Samaki wazazi, yale majike makubwa ninayoyatunza kama mayai, bwawa la juu lote, tulilala tukiwa nao tukaamka hawapo. Na wavu wa mwanangu wakaondoka nao. Nikaja mezani kwenu. Yule kijana wa mapokezi akaniuliza, mwizi gani huyo anaacha kuku anaiba samaki? Wakacheka. Na aliyecheka kuwashinda wote ni mwanamke mmoja asiye na sare, kikombe cha chai mkononi. Akaniambia, mama, nenda kamkamate paka."

Kituo kizima cha polisi kilikuwa na mpelelezi mmoja tu wa kike. Inspekta alivitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na zambarau. Aliikumbuka chai ile, akaikumbuka na sauti yake mwenyewe, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ilikuwa lini?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua. Hata kuandika hamkuandika."

"Kama wavu uliibwa mwaka jana, mbona mwanao hasemi?"

"Aseme nini? Tulisema tukachekwa. Unamchapa mtu, kisha unamuuliza mbona halii?"

Inspekta alilimeza hilo nalo. Tatizo lilikuwa moja, na alilisema waziwazi, maana mama huyu hakuwa wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: mama wa mshtakiwa anaposema wavu uliibwa, hakimu husikia mama tu. Wavu hasikii.

"Basi nenda," Mama alijibu. "Sikukuita."

"Mlinzi mlikuwa mkifahamiana?"

Mama alielekeza kidevu kwenye ua. "Alikuja hapa siku chache kabla hajafa. Alisimama pale kwenye ua, akaomba maji. Akanywa, kikombe akawa hakirudishi. Akaniambia, mama, mimi nina jambo lako. Mwanangu akatoka ndani akamfukuza kwa matusi, kwa sababu mtu wa kituo kile hatumtaki kwetu. Akaondoka nalo jambo lake."

"Majirani walisikia mwanao akimwambia akirudi atamvunja miguu."

"Walisikia. Hayo mliyaandika upesi, eti?"

Kutoka barabarani ulisikika mngurumo. Trekta lilikuwa likishuka kwenye majaruba, likikokota mashine ya kuvuta maji na mabomba yake. Mama aliliona. Hakupiga kelele. Alikunja kanga, akashuka bwawani mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama katikati.

"Waambie wawashe," alisema. "Wakinikuta chini na matope, mtakuwa na kesi mbili."

"Mama, hawa samaki walitoka wapi? Wa kwanza kabisa?"

"Unaniuliza ukoo wa samaki na mwanangu yuko ndani?"

"Ndiyo sababu nakuuliza."

"Baba mkwe aliwatoa ziwani, wale weusi. Kulikuwa na mradi wa watu fulani huko juu, wana wekundu na wa rangi rangi. Mradi ulipokufa wakawagawa, akachukua na hao, akawachanganya. Watu wakamwita mwendawazimu. Wakazaana, watoto wakawapita wazazi wao kwa ukubwa. Haya, umeridhika?"

Fundi wa mashine alishateremsha bomba la kwanza. Inspekta alimwendea, akamwonyesha kitambulisho, akamwambia asiwashe chochote mpaka arudi.

"Dada yangu, mimi nina amri ya bosi wako," fundi alisema.

"Na mimi nina ufunguo wako," Inspekta alijibu, na kweli alikuwa ameshauchomoa.

*

Daktari wa vinasaba alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimpokea Inspekta kwa mgongo.

"Ripoti mlipewa. Mlango mnaujua."

"Ripoti inasema samaki wa Mfugaji na wa kituo wanafanana."

"Wanafanana."

"Mtu atanyongwa kwa neno hilo."

Daktari aligeuka, amekunja uso. "Usinitishe kwa kamba, Inspekta! Mliniletea vichupa viwili vya mapezi na swali moja: wanafanana, ndiyo au hapana? Nikajibu ndiyo. Polisi mkiuliza swali la bubu mnataka mjibiwe shairi?"

"Leo nimekuja na swali jingine. Kati ya hao wawili, nani mzazi na nani mtoto?"

Miwani ilipanda ikashuka. Daktari alitembea mpaka kwenye friza kubwa la kona, akalipiga teke sehemu fulani likafunguka, akatoa kisanduku kilichoganda barafu.

"Hawa ni perege wa ziwani. Niliwavua mwenyewe nikiwa mwanafunzi, nikapata na kichocho juu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao, wewe wa kwanza, na umekuja kwa kelele."

"Nieleze kama mtu mjinga."

"Hilo halitanipa tabu."

Alikusanya vifuniko vya vichupa, vya rangi rangi, akavimwaga mezani. Kila rangi, alisema, ni alama moja ndani ya damu ya samaki, na alama hutoka kwa wazazi tu. Mtoto harithi shamba ambalo baba hakuwa nalo. Akaweka fungu la kwanza: buluu, buluu, buluu, tupu.

"Ziwani. Walioletwa kwenye mapipa walikufa karibu wote. Katika wale wachache waliobaki, mmoja au wawili walikuwa na alama hii ya buluu, ambayo ni adimu sana. Wakaoana wao kwa wao, miaka nenda miaka rudi, mpaka ya mmoja ikawa ya ukoo mzima. Samaki wa ziwa lile namtambua gizani."

Fungu la pili lilikuwa kama nguo za sikukuu: buluu, nyekundu, njano, kijani, nyeupe. "Hawa ni wa Mfugaji. Mchanganyiko mkubwa. Sijaona bwawa jingine la namna hii."

Fungu la tatu lilikuwa buluu na nyekundu, basi. "Na hawa ni wa kituo. Wachache wa rangi, kama mtu aliyechota kikombe kimoja kwenye pipa la yule."

Inspekta aliinama mezani. "Kwa hiyo Mfugaji ana njano na kijani, kituo hakina. Kama aliiba kituoni, hizo alizitoa wapi?"

"Usishangilie," Daktari alisema kwa furaha mbaya. "Angeweza kuiba kituoni, kisha akachanganya na samaki wa pengine. Njano na kijani zingeingia hapo. Wakili mwenye akili nusu atakumaliza kwa hilo."

Hapo kweli palikuwa na ukuta. Inspekta alizunguka meza, akarudi, akavitazama vifuniko kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Njano aliiacha. Kijani akaiacha. Kidole chake kikasimama kwenye fungu la tatu.

"Daktari, hii buluu inatafuta nini kituoni?"

Daktari aliinama naye mezani.

"Umesema buluu ni ya ziwani," Inspekta aliendelea. "Samaki wa kituo walipanda ndege. Huko ng'ambo buluu ipo?"

"Ngoja." Daktari alikaa kwenye kompyuta, akagonga-gonga, akasogeza uso karibu na kioo. "Waliomuuzia wametangaza alama za samaki wao wote, ni watu wa kujitangaza. Hapa nyekundu haipo. Buluu..." Alivua miwani. "Buluu haipo. Haijapata kuwepo."

"Uliiona mwanzo, ukanyamaza?"

"Niliiona! Nikasema labda tangi lao limeingiliwa na maji ya mto, mambo ya kawaida hayo. Na sikuulizwa!"

Inspekta alitoa maelezo ya Mkurugenzi kwenye mkoba, akasoma kwa sauti: kisima kirefu, wavu wa juu, nzi kubisha hodi, karai, hawajawahi kuonana wala hawataonana. Alipofika kwenye saini, Daktari alikuwa amejishika tumbo. Kilikuwa kicheko kisichopendeza, cha mtu asiye na mazoea nacho.

"Basi samaki wake walishuka kwenye ndege wakapitia ziwani kunawa uso!"

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nitayaandika, nitayapiga muhuri, na nitakuja nayo mwenyewe. Yule bwana aliniita fundi wa kukata mapezi, mbele ya Waziri."

*

Bosi wa Inspekta alishafika kwenye kituo cha samaki kabla yao. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, soda ya Mkurugenzi mkononi, hasira yake mwenyewe usoni.

"Kupe! Umechukua ufunguo wa mashine ya watu? Unajua mimi ndiye niliyetoa amri?"

"Najua, afande. Naomba tukaongelee kwenye matangi."

"Tutaongea hapa hapa!"

"Dakika moja, afande. Baadaye ukitaka cheo changu nitakuvulia mwenyewe."

Karaini walikanyaga wote, Bosi akitukana viatu vyake, Daktari akikumbatia bahasha. Dereva alikuwa pale pale na kijiti chake. Mkurugenzi aliingia mwisho, akatazama saa.

"Samaki hawa walitoka wapi, Mkurugenzi?" Inspekta aliuliza.

"Wewe una ugonjwa? Nilishakwambia. Ng'ambo."

"Na hawajawahi kuonana na wa ziwani."

"Umeniandikisha, nimesaini."

Daktari alitoa karatasi zake. Aliisoma ripoti kwa sauti kavu, bila kuruka, na alipofika kwenye alama ya ziwani Mkurugenzi alikuwa amekunja mikono. Alipofika kwenye orodha ya wauzaji wa ng'ambo, mikono ilikuwa imekunjuka.

"Upuuzi. Labda mto..."

"Kisima kirefu," Inspekta alisema.

"Ndege, basi. Wale ndege weupe..."

"Hata nzi anabisha hodi."

"Mfugaji ndiye kawapandikiza! Aliingia usiku akawachanganya, kwa chuki tu!"

"Mwanzo alikuwa anaiba samaki wako, sasa amekuwa anakuletea. Mwizi mkarimu huyo!" Inspekta alisogea hatua moja. "Samaki hawa ni wa yule mama wa ng'ambo ya mto. Aliibiwa mwaka jana, wao pamoja na wavu. Wavu ulikuwa kwako siku zote hizo. Swali langu ni dogo: wale wa ndege wako wapi?"

Pampu ya hewa ilikuwa ikitoa mapovu. Inspekta hakumtazama tena Mkurugenzi. Alimgeukia mtu wa mlangoni.

"Dereva, ule mpapai umejiotea juu ya nini?"

Kijiti kilidondoka karaini, dawa ikaruka ikamchafua Mkurugenzi shati lake jeupe kuanzia kola hadi tumboni.

"Mimi niliendesha gari tu!" Dereva alilia. Jibaba zima, sauti ikawa nyembamba. "Haki ya Mungu, niliendesha tu! Mlinzi sikumpiga mimi!"

"Habari za mlinzi hakuna aliyekuuliza," Inspekta alisema. "Lakini umeshafungua, mwaga."

"Funga mdomo wako, mbwa wewe!" Mkurugenzi alifoka.

Ndilo lililomponza. Kuna watu hutukanwa kila siku wakavumilia, ila tusi moja huja siku ambayo mzigo umeshajaa. Dereva alijifuta pua kwa kiganja akayatapika yote. Samaki wa ndege walikufa wote. Umeme ulikatika, jenereta haikuwa na mafuta, hewa ikaisha majini, na ilikuwa bado wiki moja Waziri aje. Wakawafukia nyuma ya jenereta, na mifuko yao. Kisha wakavuka mto, yeye, mlinzi na Mkurugenzi mwenyewe, wakachota samaki wa yule mama kwa wavu wake mwenyewe. Wavu ukaning'inizwa stoo. Mlinzi tangu hapo akawa mtu wa kukosa usingizi. Mwishowe akamwambia Mkurugenzi kwamba amekwenda kwa yule mama mara moja, akafukuzwa, na atarudi.

"Akachukua spana ya mabomba," Dereva alisema, bila kumtaja Mkurugenzi, macho chini. "Kisha akaniambia nilete ule wavu."

Bosi aliiweka soda chini taratibu, mbali na mkono wake, kana kwamba si yake. Alikohoa.

"Inspekta," alisema. Jina la Kupe alishalisahau. "Mna sepetu hapa?"

Mpapai ule uling'olewa na mizizi yake. Chini yake, chini kidogo tu, ulitoka udongo mweusi uliojaa miba ya samaki, na katikati ya miba ile ikatoka mifuko ya plastiki, imekunjamana lakini mizima, vibandiko vya shirika la ndege vikisomeka bado. Daktari alipiga magoti mwenyewe, akaanza kuokota miba kwa koleo, akinung'unika kwamba kila mtu anakanyaga ushahidi. Mkurugenzi alifungwa pingu akiwa bado na zambarau kifuani. Hakumwita tena mpelelezi huyo mama wala Inspekta, aliomba wakili.

*

Mfugaji aliachiwa jioni ile ile. Hakumshukuru mtu. Alitia saini, akachukua mkanda wake na viatu vyake, akakataa gari la polisi, akatembea. Inspekta alimfuata nyuma kwa mbali na gari, kama anayesindikiza maiti, mpaka majarubani.

Mashine ilikuwa pale pale. Fundi alikuwa amelala chini ya trekta, kofia usoni. Na Mama alikuwa bado yumo bwawani, midomo imebadilika rangi kwa baridi, samaki wakimpita kiunoni. Mwanawe aliingia na nguo zake alizotoka nazo mahabusu, akamshika mkono, na kwa muda walisimama hivyo majini, mama akimpapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anayehesabu iwapo wamemrudisha mzima. Kisha alilia, kwa sauti, bila kujificha.

Inspekta alingoja. Alipoona wamepanda ukingoni, alimrudishia fundi ufunguo wake, akamwambia aondoe mashine, kisha akamwendea Mama. Alikuwa amepanga maneno njiani: kwamba samaki wazazi watarudishwa mahakama ikimaliza, kwamba malalamiko yake ya mwaka jana ameyaandika leo kwa mkono wake. Alipofika, yote yalimtoroka ikabaki moja tu.

"Shikamoo, mama."

Mama alikamua pindo la kanga, maji yakachuruzika miguuni. Alimtazama Inspekta kwa muda mrefu, kwa macho yasiyo na haraka.

"Siku ile mngeandika, mngekwenda kule mkaukuta wavu," alisema. "Yule kijana mlinzi angesema jambo lake kwenu, akafungwa, akatoka, akaoa. Yeye naye ana mama, anakaa kule juu nyuma ya kinu. Hiyo shikamoo yako mpelekee yeye, uone kama ataiitikia."